Ulimi wa Godelieve na Figo ya François

Katika soko la Kolwezi, hakuna mfanyabiashara aliyemuuzia Godelieve kitenge feki mara mbili. Waliokuwa wakileta mizigo kutoka mpakani Kasumbalesa walimjua vizuri. Alikuwa akishika pembe ya kitambaa, anaitemea mate, anaisugua kwa kidole gumba mpaka kipate moto, kisha haangalii kitambaa, anaangalia kidole. Rangi ikimganda, aliukunja mzigo wote akaurudisha bila neno. Isipomganda, alisugua tena, kwa sababu kwake yeye kitu kizuri kilikuwa kitu kibaya ambacho bado hakijakamatwa.

Tabia hiyo aliitoa Sandoa, alikozaliwa. Baba yake alikuwa mnunuzi wa mihogo mikavu, na kila gunia alilimwaga mpaka chini, maana wauzaji walikuwa wakificha mawe katikati. "Mutu akikuchekea, angalia mikono yake," aliwaambia watoto. François, mdogo wake Godelieve, alisikia maneno hayo hayo na hayakumwingia. Alikua mtu wa kuazimisha baiskeli yake kwa wapita njia. Godelieve yalimwingia, yakakaa.

Akaolewa na Ngoy, karani wa kampuni moja ya mgodi, wakahamia Kolwezi, wakapata binti mmoja, Jémima. Ngoy akafa kwa ajali ya barabarani, na Godelieve hakuamini ajali ile mpaka alipokwenda mwenyewe kuliona lori. Akabaki na binti yake na meza yake ya vitenge. Ndipo shinikizo la damu, lililokuwa likimla kimyakimya bila yeye kujua, likamaliza figo zake zote mbili.

Kwa muda akawa mtu wa kwenda Lubumbashi kusafishwa damu kwa mashine, anarudi amekauka kama jani la tumbako. Ndugu wakaitwa wapimwe. Wengine walikuwa na safari, wengine wake zao walikuwa na ndoto mbaya. François akatoka Tenke, alikokuwa fundi wa reli, akapimwa, damu yake ikakubaliana na ya dada yake. Wakapelekwa India, atolewe figo moja apandikizwe dada yake.

Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, Agnès mke wa François alilia kwa sauti mbele ya watu wote. "Bwana yangu iko na batoto," alisema. "Banaenda kumufungua kama kuku juu ya dada yake!" Godelieve alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, hatua chache tu kutoka pale. Alisikia. Maneno yale aliyaweka, na alijua mahali alipoyaweka.

Walirudi wazima wote wawili. François akarudi kwenye reli yake na sigara zake. Godelieve akarudi sokoni na mfuko wa vidonge, vya asubuhi na vya jioni, vya maisha yote. Daktari Muamba wa Lubumbashi, aliyekuwa akimfuatilia, alimweleza kwamba mwili una askari wake. Wakiona nyama ya mtu mwingine ndani, watasema huyu ni mwizi, watampiga mpaka afe. Vidonge vinawalaza askari hao ili figo ikae salama. "Ukiacha vidonge, wataamuka," alimwambia. Godelieve alielewa upesi kuliko wagonjwa wengi. Alinunua kisanduku cha bati chenye kufuli, akaweka vidonge ndani, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake ya ndani. Miaka ikapita, figo ikafanya kazi, na hakukosa kidonge hata kimoja.

Mambo yalianza kiangazi kimoja, vumbi likiwa jingi mpaka majani ya mihogo yamekuwa mekundu. Shekina, kitinda mimba wa François, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na Godelieve akapanda gari kwenda Tenke. Baada ya misa watu wakaketi uani. Agnès alikuwa amepika ugali wa bukari, sombe ya majani ya mihogo, samaki, na nyama ya mbuzi yenye pilipili. Wengine walijipakulia wenyewe. Sahani ya Godelieve ilitoka jikoni imepakuliwa tayari, imefunikwa.

Tonge la kwanza lilipita vizuri. La pili, lenye mchuzi wa mbuzi, likamchoma ubavuni mwa ulimi, upande wa kushoto, kama kaa la moto. Akameza kwa nguvu, machozi yakamtoka. Akatazama wenzake. Walikuwa wanakula na kucheka, mchuzi ule ule ukiwatiririka vidoleni.

"Nani alinipakulia?" aliuliza.

"Mi mwenyewe, yaya," Agnès akasema, kwa heshima ya dada mkubwa, akatabasamu.

Godelieve alimtazama mikono.

Hakula tena. Alisema amechoka na safari. Jioni ile, nyumbani kwake Kolwezi, alisimama mbele ya kioo, akatoa ulimi, akauvuta pembeni kwa kitambaa. Ubavuni, karibu na gego lake lililovunjika, palikuwa na doa jeupe lenye wekundu katikati, si kubwa kuliko punje ya mahindi. Hakumwambia Jémima. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akalala na wazo moja tu kichwani.

Lile doa halikuondoka. Chai ilimchoma, nyanya ilimchoma. Mwishowe alimwonyesha Joyeuse, aliyeuza viatu meza ya jirani. Joyeuse alichungulia mdomoni mwake, akarudi nyuma akishika kifua.

"Mama Jémima, ulikula wapi?"

"Tenke. Kwa ndugu yangu."

"Bibi ya ndugu yako anakupendaka?"

Godelieve alikunja kitenge kilichokuwa tayari kimekunjwa. "Iko sumu ya mbio na iko sumu ya polepole," Joyeuse alisema kwa sauti ya chini. "Ya polepole inaanziaka mu kinywa."

Tangu siku hiyo Godelieve hakula tena kwa mtu. Msibani alikaa bila kugusa sahani. Harusini alibeba maji yake katika chupa. Nyumbani aliingia jikoni mwenyewe, na chumvi akaihamishia kwenye kisanduku cha vidonge. Jémima, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake ya kuuza kadi za simu na kutuma pesa za watu, alikuta siku moja sufuria aliyopika imeachwa vilevile.

"Mama, hata mi?"

"Weye unapikaka muzuri," Godelieve alisema. "Lakini unatokaka inje, unaacha mulango wazi. Mutu anaweza kuingia."

"Mutu gani?"

"Kama ningemujua, ningefunga mulango?"

Alikwenda kwenye dispensari moja ya mtaani. Wakampaka dawa ya zambarau, wakasema ni ukungu wa mdomo. Haikusaidia. Akaenda kwa mtu wa meno, ambaye alisema gego lililovunjika ndilo linalokwaruza ulimi, akaling'oa. Tundu la jino likapona. Kidonda cha ulimi kikabaki, kikaanza kuwa na kingo ngumu kama ukingo wa kitufe. Katika sehemu zote mbili hakuna aliyemuuliza kama ana ugonjwa mwingine, na Godelieve hakusema kwamba anaishi na figo ya mtu. Hakuona uhusiano wa figo na ulimi. Zaidi ya hapo, hakupenda watu wajue kilichomo tumboni mwake. Mtu akijua ulichonacho, anajua pa kukupigia.

Mvua zikaanza. François akaja Kolwezi kwa kazi ya reli, akapita kumsalimia dada yake. Alikaa barazani, akawasha sigara, akakohoa, akawasha nyingine. Godelieve alikuwa amekaa mkabala naye, akitazama moshi unavyomtoka puani. Maumivu ya ulimi sasa yalikuwa yanapanda mpaka sikioni.

Ndipo wazo la pili likaja. Yeye hajawahi kuvuta sigara maishani. Pombe hakuijua, hata divai ya meza ya Bwana aliilamba tu. Lakini tumboni mwake kuna nyama ya mtu aliyevuta tangu ujana wake, na lutuku, gongo ya kwao, pia alikunywa. Je, ile nyama haikuja na mambo yake? Mume ametoa figo yenye moshi, mke ametia sumu kwenye mchuzi. Alimwangalia mdogo wake anayemsimulia habari za watoto, akicheka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwogopa.

"Yaya, mbona haunijibu?" François akauliza.

"Nimekusikia."

"Unasema kama mutu mwenye kula kitu ya moto."

"Nani alikuambia niko nakula kitu ya moto?"

François akazima sigara, akaaga.

Jumapili iliyofuata, Godelieve alimwambia Jémima avae, wanakwenda Tenke. Hakumwambia kwa nini. Walimkuta Agnès anaanika nguo na François analala kwenye kiti. Godelieve alikataa kukaa. Alikataa maji. Alisema yote akiwa amesimama katikati ya uwanja: maneno ya uwanja wa ndege, sahani iliyofunikwa, mchuzi, moshi. Ulimi ulimwuma kwa kila neno, na aliyasema yote.

François alinyanyuka taratibu, mdomo wazi, kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji. Agnès hakulia safari hii. Aliweka chini kitenge kibichi alichokuwa amekishika.

"Yaya Gode," alisema, "pa uwanja wa ndege nililia. Ni kweli. Wewe haungelia? Lakini unieleze kitu moja. Ile figo unabeba mu tumbo ni ya nani? Ni ya bwana yangu. Mi niko nauliza kila siku kama unakula dawa muzuri juu ile kitu isioze bure. Nikupe sumu, bwana yangu apoteze figo ile mara ya pili? Mi niko mujinga namna ile?"

Godelieve alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa viapo, kwa matusi. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa.

"Fungua kinywa," Agnès akasema.

"Nini?"

"Ulikuja kunionyesha makosa yangu. Bon, nionyeshe. Fungua kinywa."

Jémima alikuwa wa kwanza kusogea. Alimshika mama yake kidevu kama mtoto, akamgeuzia kwenye jua. Kwa miezi yote ile hakuwahi kuonyeshwa. Alichungulia, na uso wake ukabadilika. "Mama," alisema, "hii ulikuwa unanificha tangu kiangazi?"

"Ile haiko pilipili," Agnès alisema nyuma yake. "Pilipili haikaaka kutoka kiangazi mpaka mvua. Mupelekeni kwa munganga wa figo. Ya Lubumbashi, hapana hawa ba hapa."

Walipanda gari siku iliyofuata. Njia nzima, malori ya shaba yakiwapita, Godelieve alijiuliza kwa nini Agnès anataka sana aende Lubumbashi.

Daktari Muamba alikuwa mwembamba, mwenye haraka. Alipoona kidonda, haraka yake iliisha. Alivaa glavu, akakishika kwa kidole, akapapasa shingo pande zote mbili, akakaa.

"Kiko hapa tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Ulikuja hapa kupimwa damu katikati. Hukuniambia?"

"Haukuniuliza," Godelieve akasema. "Unaulizaka mukojo. Unaulizaka tension ya damu. Kinywa, haujawahi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimpeleka kwa mpasuaji wa mambo ya koo na mdomo, mama mmoja wa makamo mwenye mikono midogo, akamkata kipande kidogo cha ulimi chini ya ganzi. Godelieve, mdomo umejaa pamba, alizuia kwa mkono kila mtu asitoke mpaka jina lake liandikwe kwenye chupa mbele ya macho yake. Alihofia wampe ugonjwa wa mwingine.

Ugonjwa ulikuwa wake. Majibu yalipokuja, Daktari Muamba alimketisha yeye na Jémima, akawaambia bila kuzunguka kwamba ni kansa ya ulimi, bado ndogo, na kwenye shingo picha hazijaonyesha kitu.

Kwa muda Godelieve aliangalia mikono ya daktari. Ilikuwa imetulia juu ya meza.

"Ilitoka kwa François?" aliuliza. "Anavutaka sana."

"Hapana. Sigara yake haihami na figo. Kansa yenyewe inaweza kusafiri na kiungo, lakini ni mara chache sana, na hii imeota katika nyama ya ulimi wako mwenyewe. Figo ya François ni nzima."

"Na chakula?"

"Chakula kilikuchoma kwa sababu kidonda kilikuwa kimeshaanza. Hakikuleta kidonda."

"Basi nani?"

"Mama Godelieve, unakumbuka nilikuambia juu ya askari? Wale askari hawafukuzi figo ya mtu tu. Kila siku mwilini kuna chembe inayoharibika, na askari wanaiona, wanaimaliza, wewe hujui. Sisi tumewalaza kwa vidonge ili figo ikae. Wamelala kwa figo, wamelala na kwa chembe hiyo pia. Ndiyo sababu watu waliopewa kiungo cha mwingine wanapata kansa ya mdomo, ya midomo ya nje, ya ulimi, ya koo, ya ngozi ya uso na shingo, zaidi kuliko watu wengine. Anayevuta sigara zaidi tena. Lakini hata asiyevuta."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia.

"Ulikuwa unajua?" Godelieve akauliza.

"Nilikuwa najua. Kule India pia walijua, walikueleza kabla hujatoka."

"Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza," daktari alikubali. Kisha, labda kwa sababu Jémima alikuwa anamtazama, alisema kwa Kiswahili cha nyumbani, "Mi nilikuwa naangalia figo, mama. Figo ilikuwa muzuri, nikafurahi. Sikuangalia mwenye kuibeba. Ile ni kosa yangu."

Maisha yake yote Godelieve alikuwa amesubiri kumkamata mtu na kumsikia akikiri. Sasa amemsikia, na hapakuwa na raha yoyote. Alikuwa ameangalia mlango, chumvi, mchuzi, mikono ya wifi yake. Kitu kilichomwingia alikiweka ndani ya kisanduku chenye kufuli na kukimeza mwenyewe, asubuhi na jioni, na kitu hicho hicho ndicho kilichomweka hai mpaka leo. Utamshtaki nani hapo?

Lakini hakuwa amemaliza kushuku. Daktari aliendelea: kidonda kitakatwa pamoja na sehemu ya ulimi, na tezi kadhaa za shingo zitatolewa kwa usalama. Na vidonge vitabadilishwa. Kimoja kitapunguzwa, kingine kitaondolewa, kitawekwa cha aina nyingine, ili askari waamke kidogo.

Godelieve akasimama.

"Miaka yote mulisema nisikose hata kidonge moja. Leo munasema nipunguze. Munataka kuua figo ya ndugu yangu?"

"Kuna hatari ndogo kwa figo. Tutaipima damu mara kwa mara."

"Hatari ndogo! Weye unasema ndogo juu haikutoka kwako." Akachukua mkoba wake, akatoka. Jémima alimfuata mpaka nje ya geti, pale wanapouza karanga na kadi za simu, akamkuta ameketi kwenye ukingo wa mfereji, simu sikioni. Alikuwa amempigia François.

François alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake vyuma vya reli vilikuwa vinagongwa.

"Na kama inakufa?" Godelieve alimuuliza. "Kama banapunguza dawa na figo yako inakufa, utaniambia nini?"

"Yaya, figo ile nilikupa. Sikukukopesha."

"Jibu kitu nilikuuliza."

"Ikikufa, nitalia," François alisema. "Nitalia sana, na Agnès atalia kunipita. Lakini ukikufa weye juu ya kuichunga, mi nitafanya nini? Banaweza kunirudishia? Niiweke wapi?" Akakohoa. "Kubali kitu munganga anasema. Tafazali."

"Unakohoa."

"Nimepunguza sigara."

"Muongo," Godelieve alisema, na hapo hapo, kwenye ukingo wa mfereji, alianza kulia, kitu ambacho Jémima hakukumbuka kukiona tangu mazishi ya baba yake.

Alirudi ndani akakubali. Hakukubali kwa moyo mweupe. Alimtaka daktari amweleze kila kidonge, cha zamani na kipya, na akamfanya Jémima arudie maelezo yale mbele yake kama mtoto wa shule.

Walimpasua wiki ile ile. Alipofumbua macho, shingo imefungwa, mdomo umevimba na bomba limepita puani, mtu wa kwanza aliyemwona kando ya kitanda hakuwa Jémima. Alikuwa Agnès, na kapu la sufuria miguuni. Hospitali ile, kama zote za kwetu, mgonjwa analishwa na watu wake, na Jémima alikuwa hawezi kuiacha kazi yake siku zote. Agnès alikuja bila kuitwa. Alilala kwenye mkeka sakafuni pamoja na wauguzaji wengine.

Bomba lilipotolewa, akaanza kumlisha uji mwepesi. Kabla ya kila mlo, Agnès alichota kijiko cha kwanza, akakila yeye mwenyewe huku akimtazama Godelieve machoni, akameza, kisha akachota cha pili na kumpa. Hakusema kitu. Alifanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, mbele ya wagonjwa wote wa chumba, na Godelieve, asiyeweza kusema, alilazimika kutazama. Jambo baya zaidi, ambalo hakumwambia mtu kwa muda mrefu, ni kwamba mara ya kwanza na ya pili alitazama kweli. Alimtazama koo kama limemeza.

Maneno yalianza kurudi mazito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Jambo la kwanza alilolisema likaeleweka lilikuwa kwa Agnès. "Usionje tena," alimwambia.

"Naonja juu ya chumvi," Agnès akasema, akaendelea kuonja.

Siku nyingine Godelieve alimshika mkono wenye kijiko. "Agnès. Unisamehe ile siku."

"Nimesikia, yaya," Agnès alisema. "Maliza uji."

Nimesikia si nimesamehe, na Godelieve alijua tofauti yake kuliko mtu yeyote. Mpaka leo wanasalimiana, wanatembeleana, Agnès anampakulia na yeye anakula. Lakini lile neno halijasemwa, na Godelieve hajalidai.

Kansa ilikuwa imekatwa yote, kingo safi, na tezi za shingo hazikuwa na kitu. Mpasuaji alimwambia kwamba kama angekuja baada ya mvua kuisha, wangezungumza habari nyingine, za kwenda Zambia kuchomwa kwa mionzi, na pengine hata hizo zisingetosha. Figo iliyumba kidogo baada ya vidonge kubadilishwa. Kwa wiki kadhaa vipimo vilipanda na Godelieve hakulala, akijigusa tumbo kama mjamzito anayesikiliza kama mtoto bado anacheza. Halafu vikatulia, juu kidogo ya vile vya zamani, vikakaa hapo. Alirudi sokoni na kovu la shingo alilolifunika kwa kitambaa. Baadhi ya maneno hayamtoki tena sawasawa, na wateja wageni humwomba arudie bei. Joyeuse, aliyesema ni sumu, naye alihama meza, akidai amepata sehemu yenye kivuli.

Sasa, kila anapokwenda Lubumbashi, Daktari Muamba anaanza na mdomo. Anawasha taa, anaangalia chini ya ulimi, kwenye mashavu, kooni, anapapasa shingo, anaangalia masikio na ngozi ya uso. Ndipo anauliza mkojo.

Kwenye benchi la kungojea, safari iliyopita, alimkuta mwanamume wa makamo aitwaye Mechack, mchimbaji wa zamani aliyeacha mashimo akawa dalali wa madini, naye amepewa figo na shangazi yake. Alikuwa amenenepa, anacheka, ana pakiti ya sigara kwenye mfuko wa shati. Walianza kuongea habari za vidonge. Godelieve alimsikiliza kidogo tu, macho yake yakiwa kwenye ule mfuko, kisha kwenye mdomo wake.

"Fungua kinywa," alimwambia.

"Mama?"

"Fungua. Toa ulimi. Geuka huku, ku mwangaza."

Watu wa benchi waligeuka. Mechack, kwa aibu, alifungua. Godelieve alimshika kidevu, akachungulia kulia na kushoto, akamwambia anyanyue ulimi, akachungulia chini yake.

"Nini ile nyeupe?"

"Nilijiuma, mama. Jana."

"Jana," Godelieve alirudia, kwa ulimi wake mzito, kama mtu aliyeambiwa kwamba rangi haitatoka. Alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja mpaka mlangoni kwa daktari, akawapita wote waliokuwa mbele, na akagoma kuondoka mpaka aangaliwe.

Haikuwa kitu. Alikuwa amejiuma kweli. Mechack alitoka anacheka, akamwachia Godelieve pakiti yake ya sigara, akamwambia aache wasiwasi.

"Rudi baada ya wiki mbili," Godelieve akamwambia. "Nitakuwa hapa."